Kofia ya Viua kwa Nchi ya Theluji

Jumatatu, 4 Novemba

Dai langu ni hili, na nitalitetea: kofia ya viua ya Unguja, kwa umbo lake lilelile, inaweza kuvaliwa penye theluji. Haina haja ya kugeuzwa soksi. Haina haja ya kishungi. Inataka uzi mwingine tu.

Nimeyaandika hayo leo asubuhi katika kundi la ukoo kwenye simu, baada ya chai na kabla ya kufagia, kama ilivyo desturi yangu: chai, hoja, ufagio. Aya sita. Chanzo ni picha ya Nassir. Nassir ni mdogo wangu, wa baba mmoja na mama mmoja, naye yuko Norwe tangu Agosti, mpishi katika hoteli. Amesimama chini ya mti usio na jani hata moja. Kichwani ana kitu cha kijivu kilichomshuka mpaka kwenye nyusi. Ami Hamdani akaandika: "Baba, hiyo kofia au soksi?" Ukoo mzima ukacheka. Mimi sikucheka. Niliandika kwamba mtu aliyeiacha kofia ya mama yake msumarini hana budi kuvaa za watu. Niliandika kwamba kasoro si ya kofia bali ya mvaaji, aliyekwisha kuamini kuwa kila kilichotoka kwao ni cha joto na cha zamani. Nilitoa mifano ya watu wa milimani wanaovaa kofia zao za asili juu ya barafu. Nilitaja fikra za kikoloni mara mbili. Mara moja ingetosha.

Adhuhuri akajibu. Tangu Agosti hajaniandikia neno. Leo ameniandikia matatu: "Basi nifumie. Nitavaa."

Mbele ya watu arubaini na mmoja.

Nikajibu: "Naam."

Sijui kufuma.

Jumanne, 5 Novemba

Kofia ziko mbili. Zimetundikwa ukumbini kwenye misumari miwili, yangu kushoto, ya Nassir kulia. Mama alizishona zote kwa mchoro mmoja mwaka nilioingia chuoni, Nassir akiwa bado anasoma skuli. Alichora kwa penseli juu ya kitambaa cheupe, akatoboa, akazungushia uzi kila kitundu. Hivyo vitundu ndivyo viua. Kofia moja ilimchukua miezi. Mama amefariki mwaka wa pili sasa. Baba alimtangulia zamani.

Niandike na hili, maana hapa hapana wa kunisikia. Alasiri ya kumsomea Nassir dua ya safari, baada ya wali kupakuliwa, nilisimama nikasema mbele ya wote kwamba anayeondoka asijidanganye kuwa anakwenda kutafuta. Anakimbia. Nilisema kwamba nyumba ya mama inabaki na mtu mmoja mwenye haya. Nilisema vizuri. Sauti yangu haikutetereka.

Nassir alivua kofia, akaitundika, akala wali wake wote. Asubuhi alikuwa ameshaondoka.

Sijaigusa kofia hiyo tangu siku ile. Naifagilia chini yake tu.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimeshuka kwa Bi Rukia. Anakaa chini yetu, nyumba hii hii ya Kiponda, tangu kabla sijazaliwa. Anafuma vitambaa vya makochi, vya meza, vya kufunikia redio. Nilikuwa sijabisha mlango wake tangu arubaini ya mama. Nimeona haya, lakini nimebisha.

Shikamoo. Marahaba. Akaniangalia mkononi, akaona kofia yangu na daftari.

"Shahada ishafika, sasa wataka sindano?"

Nikamweleza. Akasema wanaume hushona kofia, hawafumi. Nikamjibu kwamba ubaguzi huo hauna msingi. Kwamba nyavu za kuvulia hufumwa na wanaume, na wavu ni kitambaa. Kwamba mgawanyo wa kazi kwa jinsia katika ufumaji hubadilika kutoka nchi hadi nchi, na kwa hiyo si wa maumbile. Nimezungumza kitambo. Yeye alikuwa akimenya vitunguu.

"Umemaliza?" akasema. "Haya, shika. Siyo hivyo, mwanangu. Hiyo si kalamu."

Nimejifunza mnyororo, yaani vitanzi vya uzi vinavyoshikana. Mnyororo mmoja, wenye urefu wa mkono wangu, uliopinda kama mkia wa paka. Bi Rukia ameutazama, akaufumua wote kwa kuuvuta mara moja. Nimeudhika kupita kiasi.

Jumamosi, 9 Novemba

Uzi. Maduka ya Mchangani yana uzi wa pamba na uzi wa nailoni wenye rangi za harusi. Nilipouliza sufu, muuzaji aliniuliza nina mgonjwa gani wa homa ya baridi.

Nimekwenda kwenye mitumba, Darajani. Nimesoma kwamba sufu halisi ikichomwa hunuka nywele, na nailoni huyeyuka ikatona. Nikakwanyua uzi kwenye pindo la sweta, nikawasha kiberiti.

"Wee bwana," mwenye meza akasema, "wanichomea duka mchana kweupe?"

Sweta la nne likanuka nywele. La rangi ya kahawia, zito, limetoboka kiwikoni. Nimelinunua. Leo mchana nimekaa ukumbini nikilifumua, nikizungushia uzi kwenye mgongo wa kiti. Umetoka mrefu ajabu. Nimeufua, nimeuanika juu ya paa. Unanuka mnyama aliyenyeshewa.

Sijazungumza na mtu mwingine leo, ila huyo mwenye meza.

Jumanne, 12 Novemba

Nimefumua mara nne.

Duara ya juu ya kofia ni hesabu tupu. Ukiongeza mafundo machache katika kila mzunguko, inajikunja ikawa bakuli. Ukiongeza mengi, inafanya mawimbi kama kaukau za viazi. Nimechora jedwali. Nimekokotoa. Jedwali langu ni sahihi. Mkono wangu si sahihi.

Bi Rukia hahesabu. Anafuma huku anamsema mwenye nyumba wa mkabala, na duara yake inalala bapa kama sahani. Nimemuuliza anajuaje pa kuongeza. Amesema: "Ikikaza, naipa."

Hiyo si kanuni. Nimeiandika hata hivyo.

Ijumaa, 15 Novemba

Baada ya sala ya Ijumaa watu waliuliza, kama wanavyouliza kila Ijumaa, nimepata kazi wapi. Nimesema nafanya utafiti. Haukuwa uongo mtupu.

Nassir aliwahi kunitafutia kazi. Alikuwa jikoni katika hoteli moja ya Uroa, akaniombea nafasi ya mapokezi. Nilimwambia sikusoma miaka yote ile ili nigawe funguo kwa wageni. Alinyamaza. Ana namna yake ya kunyamaza: anaangalia kitu kilicho mkononi mwake, hata kama ni kijiko. Mwaka mmoja baadaye akaja kuniambia amepata Norwe. Sasa nafikiri siku ile ya Uroa alinyamaza kwa kuwa alitaka twende sote Uroa.

Leo nimehamisha mchoro. Maua ya mama yana petali nane, na kila petali ina viua vitano. Katika uzi, kiua hupatikana kwa kuruka fundo na kupita juu yake kwa mnyororo. Pale panapobaki tundu ndipo petali inapochoreka. Nimelifuma ua la kwanza. Nimeliweka juu ya kitambaa cha mama. Vitundu vimelingana.

Hapakuwa na mtu wa kumwonyesha. Nimeionyesha taa.

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua ya vuli. Paa linavuja pale pale. Nimehamisha ndoo, nimehamisha kiti, nimefuma ukuta wa kofia. Mizunguko tisa. Naupenda ukuta. Unasimama wenyewe, haulegei, kama wa kofia iliyotiwa wanga.

Bi Sabra wa Bububu, binamu wa mama, anasafiri Jumapili ya tarehe nane Disemba kwenda kumwangalia binti yake aliyejifungua huko huko Norwe. Amekubali kuichukua kofia. Ameuliza: "Mumeshasemezana?" Nimesema tunaandikiana. Maneno matatu na neno moja. Kwa hesabu ni kuandikiana.

Jumatano, 20 Novemba

Imekwisha. Kofia ya kahawia, duara bapa, ukuta wima, maua manane. Ni nzuri. Nasema bila ya unyenyekevu: ni nzuri. Nimejiangalia kwenye kioo cha mama, nikaona dai langu limesimama juu ya kichwa changu.

Nilikuwa nishapiga picha niiweke kwenye kundi, pamoja na aya nne. Bi Rukia akaipindua pindua, akaingiza kidole cha shahada kwenye kiua, kidole kikatokeza upande wa pili. Kisha akasema: "Huko kwenye baridi unakujua?"

Nikasema nimesoma.

"Na mie nimesoma habari za kujifungua kabla sijazaa."

Sikuituma picha. Nimemwandikia Makame.

Alhamisi, 21 Novemba

Makame ni Mtumbatu, nilisoma naye chuoni. Darasani alinipita mimi na wote. Sasa anasimamia chumba cha barafu cha mfanyabiashara wa samaki hapo Mkokotoni. Nilipopata habari hiyo mwaka jana niliona aibu kwa niaba yake. Yeye hakuona. Leo nimemkuta na buti za mpira, amejifunga kanga ya mkewe kichwani, imemzunguka masikio, fundo liko chini ya kidevu. Kanga ina jina, msemo ambao sitauandika humu.

"Karibu kwenye theluji, msomi."

Nilivaa kofia, nikaingia. Alifunga mlango, akawasha feni ili tupate upepo. Nilikuwa nimedhamiria nusu saa. Nilibeba daftari ili niandike hali kila dakika tano.

Dakika tano: kichwa kina baridi kwa vipande. Naweza kuhesabu viua bila ya kuvigusa. Kila kimoja ni ncha ya kidole cha maiti.

Dakika kumi: masikio. Sikujua kuwa sikio lina mfupa. Halina, nimesoma kuwa halina, lakini lilikuwa likiuma kama mfupa. Maumivu yalishuka mpaka kwenye taya.

Dakika kumi na mbili niligonga mlango.

Makame alinikalisha juani juu ya kreti. Akaivua kofia kichwani mwangu, akaiinua juani akaitazama. Jua likapita kwenye maua ya mama, likamwangukia usoni madoa madoa.

"Mudrik," akasema, "umemfumia mwenzio dirisha."

Nikabisha. Nikasema feni si upepo wa kweli, na unyevu wa barafu ya samaki si ukavu wa theluji, kwa hiyo jaribio halikubaliki. Meno yangu yalikuwa yakigongana. Akaniacha nimalize. Akanipa chai ya tangawizi.

"Chumba hakibishani nawe," akasema. "Kinakungoja utoke tu."

Akaniuliza habari za Nassir. Nikasema yuko salama. Sijui kama yuko salama.

Ijumaa, 22 Novemba

Kuhusu viua, nilikosea. Naandika waziwazi.

Kiua ni cha kupitishia hewa. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Mama alishona kofia ya kichwa kinachotoka jasho, na akaipamba kwa matundu yale yale yanayokipoza. Mimi nimeyachukua matundu nikayapeleka Norwe, kwa kuwa nimezaliwa mahali ambapo hakuna aliyewahi kulifikiria vazi la kichwa kama kitu cha kuziba. Vitabu vyote nilivyosoma havikuniambia, kwa kuwa sikuviuliza.

Nakubali kuziba. Maua yatabaki, lakini badala ya tundu patakuwa na fundo lililovimba. Mchoro ule ule, uliogeuzwa: palipokuwa na kitundu pana kifundo.

Kuhusu masikio, sikubali. Kofia yetu hukaa juu ya sikio. Paji la uso huwa wazi kwa ajili ya sijida, na sikio huwa wazi kwa kuwa hivyo ndivyo kofia ilivyo. Ukiishusha si kofia tena. Ni ile soksi ya Ami Hamdani, na mimi ni mtu aliyeandika aya sita bure mbele ya ukoo wake.

Jumapili, 24 Novemba

Nimefumua yote. Kazi ya siku kumi imetoka kwa muda wa kuchemsha maharage.

Bi Rukia amepanda ngazi, jambo asilolifanya siku hizi kwa magoti yake, ameleta bakuli la mchuzi wa pweza. Ameona uzi umejaa mapajani kwangu. Nimemweleza habari ya Mkokotoni na uamuzi wangu kuhusu masikio. Nimemweleza kwa mpangilio: kwanza umbo, pili ibada, tatu historia.

Akasema: "Nassir? Na masikio yake yale?"

Nikauweka uzi chini.

Nassir alikuwa akiumwa sikio la kushoto kila vuli. Lilikuwa likitoka usaha. Mama alikuwa akipasha mafuta ya nazi kwenye kijiko, akipuliza, akijaribu kwanza mkononi mwake, kisha anamdondoshea tone moja moja na kumfunga kichwa kwa kanga. Analala hivyo, amefungwa kama yai. Tulilala kitanda kimoja. Nilikuwa nikilalamika kwamba ananuka nazi. Nilikuwa namwita Bibi Harusi. Mimi nilimwita hivyo, si mwingine.

Nilikuwa nikijua. Nimeandika kuhusu kichwa cha ndugu yangu kwa wiki tatu, na sikukumbuka kwamba kina masikio.

Bi Rukia alitaka nile mbele yake. Nilikula.

Jumatatu, 25 Novemba

Sikufuma.

Jumatano, 27 Novemba

Bi Sabra amepiga simu. Safari imewahishwa. Anaondoka Jumatano ijayo, tarehe nne, kwa kuwa mjukuu ana manjano ya vichanga na binti analia. Anafunga mizigo Jumanne jioni. Nina siku sita na mpira wa uzi.

Leo Nassir ameweka picha nyingine. Theluji imeanguka. Ameshika sufuria nje ya mlango wa jikoni, anacheka. Hakuvaa kitu kichwani. Ukoo umeandika mashaallah. Mimi nimeikuza picha. Nimeikuza mpaka ikawa vipande. Sikio la kushoto ni jekundu.

Ile soksi iko wapi? Ameivua kwa sababu yangu? Anangoja ya kwangu, ama amechoka tu kuonekana nayo mbele ya ukoo wenye kaka mwenye aya sita? Siwezi kuuliza. Naweza kuandika juu ya jambo lolote duniani, na siwezi kumuuliza ndugu yangu kwa nini hajavaa kofia.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimeitungua kofia ya Nassir kutoka msumarini. Ilibidi. Nilikuwa nikipima kwa kichwa changu muda wote huu, na kichwa chake ni kikubwa kuliko changu, jambo nililolijua na kulificha tangu utotoni.

Ukutani pamebaki duara nyeupe.

Nimeigeuza ndani nje ili nihesabu. Mshono wa nyuma ulishafunguliwa na kushonwa tena, tundu za zamani za sindano zinaonekana. Alipokua, mama aliitanua. Kumbe na chini aliacha akiba. Kitambaa kimekunjwa kuingia ndani, upana wa vidole vitatu, kimebanwa kwa uzi mwepesi ambao ukiuvuta unatoka. Ndivyo wanavyofanya wanaomshonea mtoto: huacha kitu ndani, nguo imfuate mwili. Hii akiba ya chini haijaguswa.

Nimeiangalia yangu. Akiba ni kidole kimoja tu. Mama alidhani kichwa changu kimekwisha kukua. Pengine alikuwa na hoja.

Kwa hiyo umbo lenyewe lina mkunjo. Mimi nililinadi umbo kwa wiki nne na sikuwahi kulipindua nikalitazama ndani.

Nimekaa na kofia mapajani mpaka wakaadhini Alasiri. Kisha nimeanza.

Jumamosi, 30 Novemba

Hesabu mpya. Ukuta mara mbili ya urefu. Ukikunjwa kwenda juu, kofia inakaa juu ya sikio, paji liko wazi, ni kofia ya mama. Ukishushwa, unafika chini ya ndewe.

Tatizo: ukikunja, kinachoonekana ni upande wa ndani. Basi nusu ya chini ya ukuta lazima ifumwe kinyume, maua yakiwa ndani, ili yakikunjwa yawe nje. Na nusu ya juu iwe na maua nje, ili ukuta ukishushwa asibaki mtupu. Nimefika mzunguko wa kumi, nikageuza kazi, nikarudi nilikotoka.

Bi Rukia hakuwahi kuona kitu hicho. Ameomba nimwonyeshe mara mbili. Amesema: "Eeh." Nimeifurahia ile "eeh" kuliko siku ya mahafali.

Jumapili, 1 Disemba

Nafuma. Naswali. Nafuma. Kidole cha shahada kimechubuka, nimekifunga kitambaa.

Sikuandika kitu kwenye kundi kwa siku tisa. Ami Hamdani ameuliza kama mwanafalsafa anaumwa.

Jumatatu, 2 Disemba

Nimegundua kosa katika ua la tano. Petali saba. Nimebishana na nafsi yangu kwa muda. Nafsi ilisema hakuna atakayehesabu. Nassir atahesabu. Alikuwa akizihesabu kwenye ya mama wakati wa hotuba, nikimwona kwa pembe ya jicho, kofia mapajani, kidole kinahama kiua hadi kiua.

Nimefumua mizunguko sita.

Jumanne, 3 Disemba

Nimemaliza baada ya Adhuhuri. Bi Rukia ameivaa juu ya mtandio wake, ameshusha ukuta, akaniambia niseme kitu. Nikasema.

"Sikusikii," akasema. "Raha iliyoje."

Nimekwenda Bububu. Begi la Bi Sabra lilikuwa wazi kitandani: dagaa, pilipili ya kusaga, mchele wa Mbeya, kanga mpya. Nilikuwa na kofia, na nilikuwa na barua. Kurasa nne, pande zote mbili. Nimeeleza ndani yake mchakato, nimeeleza sababu za kila mabadiliko, nimeonyesha kuwa dai la asili halikuanguka bali limekua. Bi Sabra akanyoosha mkono kuipokea. Nilimpa kofia, barua nikairudisha mfukoni.

"Nimwambie nini?" akauliza.

Nikasema amwambie akitoka nje aushushe ukuta.

"Hayo tu?"

"Na akiswali aukunje."

Aliitia kofia katikati ya kanga isiminyike. Akaisukuma chini ya dagaa, akafikiri, akaihamishia juu.

Alhamisi, 5 Disemba

Chai. Nimefagia.

Bi Sabra amefika. Binti yake ameweka picha ya mtoto. Nimetafuta nyuma ya mtoto kama linaonekana begi. Halionekani.

Kofia ya Nassir nimeirudisha kwenye msumari wake. Ile akiba sikuifungua. Barua nimeisoma tena, nimeikunja, nimeitia kwenye kopo la nyuzi la mama. Nimeshuka kumsaidia Bi Rukia kupandisha maji. Amenipa uzi mweupe na kunitaka nimfumie kitambaa cha redio, kwa kuwa macho yake yanachoka jioni. Nimesema nitafikiri. Nimeshaanza.

Jambo moja limebaki. Nilichokisema alasiri ya dua nilikisema mbele ya watu, na nilichokiandika tarehe nne Novemba nilikiandika mbele ya watu. Haifai kukirudisha kichinichini. Nimefungua kundi. Nimeandika aya tatu, nimezifuta. Nimeandika moja, nimeifuta. Hatimaye nimetuma haya, nayanakili humu kama nilivyoyatuma:

"Nassir, kofia yako anayo Bi Sabra. Viua nimeviziba. Ukuta unashuka. Nilisema inatosha ikae juu ya sikio, nilikosea. Siku ya dua nilisema unakimbia, nilikosea zaidi. Sasa nataka jibu, na nalitaka hapa hapa mbele ya wote, si faraghani: ukiivaa, sikio la kushoto linauma au haliumi?"